Petroli, Dawa na Uzito: Habari za Eropleni za Mashambani

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu ana chaki mkononi, kwa kuwa leo tutaandika tarakimu ubaoni.

Somo letu ni la historia, lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutazungumza habari za eropleni ndogo zirukazo chini kabisa juu ya mashamba, zikimwaga dawa ya kuua wadudu. Na hasa tutazungumza habari za petroli yake. Eropleni hizi kwa kawaida haziendi mbali. Mara nyingi rubani huuona uwanja wake wakati wote wa kazi, na pipa la petroli liko pale pale uwanjani likimngoja. Hata hivyo, tangu zilipoanza kazi mpaka siku hizi, wako marubani waliozimikiwa na injini hewani kwa kukosa petroli. Msafiri wa jangwani akifa kwa kiu, twaelewa. Lakini mtu aketiye kando ya kisima akifa kwa kiu, hapo hatuna budi kuuliza sababu.

Tuanzie Marekani, katika jimbo la Ohio, tarehe 3 Agosti 1921. Karibu na mji mdogo wa Troy palikuwa na shamba la miti iitwayo katalpa, ekari 6 hivi, nayo ilikuwa ikiliwa na viwavi mpaka matawi yakabaki matupu. Kupanda kila mti na bomba la dawa ilikuwa kazi ya siku nyingi. Bwana C. R. Neillie wa mji wa Cleveland, mtu wa kazi ya miti, akawa na fikira ya kuitumia eropleni. Jeshi likatoa eropleni moja ya aina ya Curtiss, pamoja na rubani, Luteni John A. Macready. Fundi mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Etienne Dormoy, akatengeneza sanduku la kutilia sumu ya unga, likafungwa ubavuni mwa eropleni. Siku ya kazi Dormoy mwenyewe akaketi nyuma ya rubani, akizungusha mkono wa chuma ili unga umwagike. Sumu ile ilikuwa ya risasi na aseniki, kitu kibaya sana, na Marekani iliipiga marufuku kwa kuulia wadudu mwaka 1988. Lakini siku ile hakuna aliyefikiri habari hizo. Macready akapita juu kidogo ya ncha za miti mara kadhaa, na muda wote wa kumwaga haukutimia dakika moja. Viwavi karibu wote wakafa.

Mwangalieni vizuri huyu Macready, maana hadithi yetu yote imo katika maisha ya mtu huyu mmoja. Mwezi wa Mei 1923, yeye na mwenzake Luteni Oakley Kelly waliruka kutoka New York hadi San Diego, yaani kutoka bahari moja mpaka bahari nyingine ya Marekani, pasipo kutua hata mara moja. Walikaa hewani saa 26 na dakika 50, na hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yao. Eropleni yao ilikuwa imejazwa petroli nyingi hata ikapata taabu kuinuka kutoka ardhini. Kwa safari ile mzigo wao ulikuwa petroli. Kila galoni waliyoiongeza ilikuwa ni maili nyingine za kwenda.

Kule Troy mambo yalikuwa kinyume. Mzigo ulikuwa sumu ya unga, kadiri ya kilo 80, na petroli ilikuwa ya kuibeba sumu ile tu. Kwa msafiri wa mbali petroli ni uhai. Kwa rubani wa shambani petroli ni uzito unaochukua nafasi ya kitu kingine. Neno hili tulishike, tutalihitaji.

Jaribio la Troy lilifuatwa na majaribio ya pamba. Kusini mwa Marekani, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu alikuwa akitoboa vitumba vya pamba na kuwafilisi wakulima. Huko Tallulah, katika jimbo la Louisiana, Dokta B. R. Coad wa Idara ya Kilimo alianza mwaka 1922 kujaribu kumwaga dawa kwa eropleni. Kazi ikafaa, na kampuni iitwayo Huff Daland ikaunda eropleni za kazi hii hasa, ikafanya makao yake katika mji wa Monroe mwaka 1925. Mwaka 1928 biashara hiyo ikapata jina la Delta. Ndiyo hiyo Delta ambayo baadaye imekuwa moja katika makampuni makubwa kabisa ya kuchukua abiria duniani. Na watu wengi wapandao eropleni zake hawajui kwamba kampuni ilianza kwa kuua wadudu wa pamba, na kwamba haikuiacha kazi hiyo mpaka mwaka 1966.

Sasa, mwenye shamba humlipaje mwenye eropleni? Hamlipi kwa saa za kuruka, wala kwa lita za petroli. Humlipa kwa ekari zilizopata dawa. Basi kila safari ya kupanda na kushuka iwe na dawa nyingi iwezekanavyo, na safari ziwe nyingi kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza kuipeperusha dawa kwenda kwa jirani.

Mwalimu wa darasa, andika ubaoni: lita 1 ya petroli ya eropleni ina uzito wa gramu 720 hivi. Debe letu la kawaida huchukua lita 18. Zidisheni. Mtapata karibu kilo 13. Yaani kila debe la petroli atakaloacha rubani, aweza kubeba kilo 13 za dawa badala yake, na dawa ndiyo imletayo fedha. Akiacha madebe matano, ni kilo 65, uzito wa mtu mzima. Hakuna mtu aliyemwamuru afanye hivyo. Hesabu yenyewe humnong'oneza sikioni kila asubuhi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani lilikuwa na eropleni nyingi za kufundishia marubani ambazo hazikuhitajiwa tena. Iliyojulikana zaidi ni ile ya Stearman, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Zilikuwa zimeundwa zaidi ya 8,000, zikauzwa kwa bei ndogo. Vijana waliotoka jeshini wakazinunua. Wakaondoa kiti cha mbele, wakaweka sanduku la dawa mahali pake. Wengi wakaona pia kwamba injini yake ya nguvu za farasi 220 haitoshi kuinua mzigo mkubwa kutoka uwanja mfupi wa shambani, wakaitoa, wakatia injini ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 450.

Hapo sikilizeni vizuri. Walibadili injini. Tangi la petroli, lililokuwa katikati ya bawa la juu, mara nyingi lilibaki lile lile, la lita 174. Injini ya kwanza ilikuwa ikinywa kadiri ya lita 50 kwa saa, kwa hiyo tangi lilitosha saa 3 na zaidi. Injini mpya ilikuwa ikinywa kadiri ya lita 90. Gawanyeni wenyewe: saa 2 hazitimii. Na hapo tumesema tangi lililojaa. Rubani aliyetia nusu ili abebe dawa zaidi alikuwa na dakika 58 tu. Mtu aliyezoea miaka miwili mitatu kwamba asubuhi moja ni tangi moja, mazoea yake sasa yalikuwa adui yake. Kipimo nacho kilikuwa kidogo, kioo kining'iniacho chini ya tangi juu ya kichwa chake. Na katika kazi ya kupinda na kupindua kila dakika, petroli husukasuka ndani, kipimo hupanda na kushuka, wala hakisemi kweli ila eropleni ikitulia. Eropleni ya shambani hutulia lini?

Tuone basi injini ikizimika huwaje. Rubani aliye juu mita 3,000 ana dakika kadhaa za kufikiri. Aweza kugeuza bilula ya petroli, aweza kujaribu kuiwasha injini tena, aweza kuchagua kiwanja. Rubani wa shambani yuko juu mita 3 tu, akienda kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 kila sekunde. Mbele yake kuna miti, au nguzo za simu, au nyumba ya mwenye shamba. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kuvuta usukani ili ule mwendo wake umnyanyue juu kidogo, na wakati huo huo kufungua mlango wa chini wa sanduku ili dawa yote ianguke. Jambo la pili ni kwenda mbele moja kwa moja, atue popote palipo wazi. Asijaribu kurudi uwanjani. Eropleni iliyopoteza mwendo kisha ikageuzwa kwa nguvu huacha kubebwa na hewa, nayo huanguka ubavu ubavu kama jani, ila ni nzito kuliko jani. Marubani wengi waliokufa walikufa katika kugeuka. Uwanja waliujua, ulikuwa karibu, moyo ukawavuta.

Ule mlango wa kumwagia dawa ghafula ulikuwa jambo kubwa. Hata sheria ya Marekani ya kazi hii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1966, yasema kwamba eropleni inayofanya kazi hii juu ya mahali penye watu wengi lazima iweze kumwaga nusu ya mzigo wake wote kwa sekunde 45.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila injini iliyozimika ilizimika kwa tangi tupu. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni petroli kwisha. Ya pili ni petroli kuwapo, lakini isifike kwenye injini, na hii yauma zaidi, maana rubani huanguka na petroli yake.

Chukueni sufuria yenye maji kidogo, muinamishe upande mmoja. Maji yote hukimbilia upande ule. Ndivyo ilivyo petroli iliyobaki kidogo tangini rubani akigeuka vibaya mwisho wa mstari: mdomo wa bomba hubaki wazi, huvuta hewa. Injini hukohoa, kisha hunyamaza.

Chukueni tena debe la mafuta mlilolitoboa tundu moja tu. Mafuta hutoka kwa kusitasita, halafu hukoma. Mama wa nyumbani ajua dawa yake: hutoboa tundu la pili ili hewa iingie. Tangi la eropleni nalo lina tundu lake la kupumulia. Na yuko nyigu mmoja apendaye kujenga nyumba yake ya udongo ndani ya matundu kama hayo. Eropleni ikilala siku mbili uwanjani, nyigu akajenga, rubani akapanda asubuhi bila kutazama, petroli itakoma ikiwa tele. Mdudu amelipa kisasi kwa ajili ya wenzake wa pambani.

Kisha kuna maji. Petroli ya mashambani hukaa katika mapipa, na pipa lililosimama nje huingia maji ya mvua kupitia kizibo, na kutu nayo humo humo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pale bomba lianzapo. Marubani wa zamani walichuja petroli kwa ngozi laini ya mnyama, ambayo ikikwisha kulowa petroli hupitisha petroli na kuzuia maji. Tena tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, umande hujifanya ndani yake, ukutani, kama ujifanyavyo nje juu ya bati. Dawa yake ni kulijaza tangi jioni. Lakini tangi lililojazwa jioni ni zito asubuhi, na mzigo wa kwanza wa dawa sharti upunguzwe. Mwaona? Kila njia tuipitayo yaturudisha kwenye mizani ile ile.

Watu wa kwanza kulifikiri jambo hili kwa upande wa kumwokoa rubani hawakuanza na petroli. Walianza na ajali. Bwana Hugh DeHaven alikuwa ameanguka na eropleni mwaka 1917 alipokuwa akijifunza urubani, akapona. Tangu hapo akataka kujua kwa nini mmoja hufa na mwingine hupona, na mwaka 1942 akaanzisha uchunguzi wake katika chuo kikuu cha Cornell. Mafunzo yake yakamfikia mhandisi Fred Weick, aliyekuwa katika chuo cha kilimo na ufundi cha Texas. Weick akaunda eropleni mpya ya mashambani iliyoitwa Ag-1, ikaruka mara ya kwanza Desemba 1950. Haikuwa eropleni ya jeshi iliyogeuzwa. Rubani aliwekwa juu na nyuma, apate kuona mbele na chini, na sanduku la dawa likawa mbele yake, kusudi ikianguka vitu vizito vitangulie, visimfuate mgongoni. Mikanda yake ilikuwa ya nguvu sana.

Fikira hizo ndizo zilizozaa eropleni ya Piper Pawnee, ambayo Weick aliisanifu, na ikaanza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 1959. Zaidi ya 5,000 ziliundwa. Hata hivyo tangi la petroli la zile za kwanza lilikuwa ndani ya kiwiliwili, mbele ya rubani. Mtu aliyeokolewa na mikanda asipondwe aliweza bado kufikiwa na moto. Ilikuja miaka ya 1970 ndipo petroli ikahamishiwa katika mabawa. Mimi hushangaa kwamba jambo hilo lilichukua muda mrefu hivyo, lakini huenda nashangaa kwa urahisi, kwa kuwa sikuwa na kazi ya kuliunda tangi lenyewe.

Mwisho wa miaka ya 1970 injini za namna nyingine zikaanza kuenea mashambani, ziitwazo tabaini. Hizi hazina pistoni. Huzungushwa na gesi ya moto, nazo huharibika mara chache kuliko zile za zamani. Eropleni ya Air Tractor 802 hubeba dawa kadiri ya lita 3,000, mzigo ambao Stearman isingeuota hata ndotoni. Lakini tabaini hunywa sana, na hainywi petroli. Hutumia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. Hapo hatari mpya ikazaliwa. Kiwanja kimoja chaweza kuwa na mapipa ya aina zote mbili. Mtu akitia mafuta ya tabaini katika eropleni ya petroli, injini itawaka vizuri kwa petroli iliyobaki katika mabomba, eropleni itapanda, kisha itazimika ikiwa imekwisha acha ardhi.

Labda mtauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Mwaka 1962 nchi za sehemu zetu zilifanya mkataba wa kuwa na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lenye eropleni zake. Eropleni hizo zimepigana na nzige, na pia na kwelea kwelea walao mtama na mpunga. (Nimesema eropleni tangu mwanzo kwa makusudi, maana nikisema ndege huwaua ndege, mtanicheka.) Mwaka 2020, Kenya ilipoingiwa na nzige wengi kuliko ilivyopata kuona kwa miaka 70, eropleni zilipaa tena. Na katika kazi ya nzige shida ya petroli hugeuka sura. Shamba la pamba hungoja mahali pake. Kundi la nzige huhama. Rubani hulifuata, na kila dakika alifuatapo, pipa lake la petroli huachwa nyuma zaidi. Hapo yeye ni Macready wa Troy na Macready wa San Diego kwa pamoja.

Sasa zoezi la darasa. Andikeni, kisha mjadiliane mpaka juma lijalo.

Stearman yenye injini ya nguvu za farasi 450 imeondoka asubuhi na tangi la lita 174. Hutumia lita 90 kwa saa. Rubani amekwisha ruka saa 1 na dakika 20. Amebakiwa na lita ngapi? Lita hizo ni za dakika ngapi? Sheria ya kawaida ya Marekani kwa safari za mchana yataka rubani aondoke na petroli ya kumfikisha aendako, na juu yake akiba ya dakika 30. Imebaki safari moja ya dawa, ya robo saa, na shamba litakuwa limekwisha. Upepo umeanza kuinuka. Pipa la petroli liko upande wa pili wa uwanja, na kujaza kutachukua dakika 20. Mwenye shamba amesimama hapo, anaitazama saa yake.

Rubani afanye nini, na atamwambiaje mwenye shamba?

Kwaherini, mpaka juma lijalo saa kama hii.